Kutoka Maporomoko hadi Ngwe: Historia Fupi ya Kazi ya Programu na Funzo Lake kwa Walimu wa Kiswahili Kampala

Utangulizi

Huenda baadhi ya wasomaji wetu watashangaa kukuta katika jarida la Kiswahili makala kuhusu utengenezaji wa programu za kompyuta. Tunazo sababu mbili za kuyaandika. Kwanza, programu zinazotengenezwa hapa Kampala huzungumza na watu. Huwauliza maswali, huwapa maelekezo na kuhifadhi majibu yao. Penye swali na jibu pana lugha, na penye lugha sisi tuna la kusema. Pili, mabadiliko yaliyotokea katika kazi ya watengenezaji wa programu kwa zaidi ya miaka hamsini yanakaribiana mno na tatizo letu la siku nyingi, yaani uundaji wa istilahi. Wenzetu hao walijiuliza: je, tupange kila kitu kwanza ndipo tuwapelekee watu, au tuwapelekee kidogo kidogo na kurekebisha njiani? Swali hilo ni letu pia.

Makala haya yanafuata historia ya mbinu hizo tangu Marekani na Japani hadi Kampala, kisha yanazungumzia majina yake kwa Kiswahili na funzo tunaloweza kulipata.

Maporomoko ya maji

Mwaka 1970 mhandisi Mmarekani Winston Royce aliandika makala kuhusu usimamizi wa miradi mikubwa ya programu. Humo alichora hatua zinazofuatana: kukusanya mahitaji, kuchambua, kusanifu, kuandika programu, kuijaribu, na mwisho kuitumia. Kila hatua humwagikia katika hatua iliyo chini yake, na baadaye utaratibu huo ukapewa jina la maporomoko ya maji. Royce mwenyewe hakulitumia jina hilo. Tena, katika makala yaleyale alionya kwamba kuufuata utaratibu huo jinsi ulivyochorwa ni hatari, kwa kuwa majaribio huja mwishoni. Kasoro kubwa ikigunduliwa wakati huo, kazi hurudi karibu mwanzo.

Onyo lake halikuwazuia wengi. Serikali na makampuni makubwa yaliupenda utaratibu huo kwa sababu unaingia vizuri katika mkataba: kila hatua ina hati yake, tarehe yake na malipo yake. Lakini mtu aliyesimama pale Murchison, mto Nile unapojibana kupita katika mwanya mwembamba wa mwamba, anajua kwamba maji yakishashuka hayapandi tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa miradi mingi. Mtumiaji aliulizwa mahitaji yake mara moja tu, akaja kuonyeshwa kitu kilichokamilika baada ya miaka miwili au mitatu, wakati mahitaji yenyewe yalikwisha kubadilika.

Muda wa Kijapani na muda wetu

Wakati huohuo, huko Japani jibu lilikuwa likitafutwa katika kiwanda cha magari. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Toyota haikuwa na mtaji wa kujaza maghala vipuri kama walivyofanya Wamarekani. Mhandisi Taiichi Ohno alijenga utaratibu ambao kila kituo cha kazi hutengeneza kile tu ambacho kituo kinachofuata kimekiomba. Ombi hilo lilipelekwa kwa kadi iliyoitwa kanban. Ohno alieleza kwamba wazo hilo alilichota katika maduka makubwa ya Marekani ya kujihudumia, ambako bidhaa hurudishwa rafuni kwa kadiri wanunuzi wanavyoichukua.

Lengo lilikuwa kuondoa upotevu, na Ohno aliorodhesha aina saba: kutengeneza kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha bila sababu, kuifanyia bidhaa kazi isiyohitajika, kulimbikiza akiba, kuhangaika huku na huko, na kutoa bidhaa zenye kasoro. Hapa wanalugha watafurahi kidogo. Neno la Kijapani la upotevu huo ni muda. Maneno haya mawili hayana nasaba yoyote, yamekutana kwa sauti tu. Lakini anayefundisha dhana hii kwa Kiswahili hatapata mfano mwepesi kuliko huu wa kupoteza muda.

Watafiti wa Marekani waliuchunguza utaratibu wa Toyota na kuupa jina la Kiingereza lenye maana ya kitu kilichokonda, kisicho na mafuta. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1988 katika makala ya John Krafcik, likaenea kupitia kitabu cha mwaka 1990 kuhusu viwanda vya magari. Mwaka 2003 Mary na Tom Poppendieck waliandika kitabu kilichoyahamishia mawazo hayo moja kwa moja katika kazi ya programu. Walisema kwamba programu iliyoandikwa nusu na kuachwa ni sawa na vipuri vinavyooza ghalani.

Kikao cha mwaka 2001

Mkondo wa pili ulianza pia na Wajapani. Mwaka 1986 Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka walilinganisha timu zinazobuni bidhaa mpya na timu ya raga, ambayo husonga mbele pamoja huku wachezaji wakipasiana mpira, tofauti na mbio za kupokezana kijiti. Anayehudhuria mechi za raga pale Kyadondo ameona wachezaji wakishikana mabega na kusukumana kuugombea mpira. Mshikamano huo huitwa skramu, na ndilo jina ambalo Wamarekani Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliutumia walipowasilisha utaratibu wao wa kazi mwaka 1995. Muda si mrefu Kent Beck naye, akiwa katika mradi wa mishahara wa kampuni ya Chrysler, alikusanya desturi nyingine: watu wawili kuandika programu kwenye kompyuta moja, kuijaribu kila siku, na kukaa karibu na mteja.

Mwezi Februari mwaka 2001 watu 17 wa mikondo hii walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah. Walitoa tamko fupi lenye mambo manne wanayoyathamini zaidi. Kwa maneno yetu: watu na mazungumzo yao yatangulie kanuni na vifaa, programu inayofanya kazi itangulie rundo la hati, kushirikiana na mteja kutangulie kubishania mkataba, na kuyapokea mabadiliko kutangulie kuung'ang'ania mpango. Hawakusema kwamba hati, mikataba na mipango haina thamani, ingawa wapo waliowaelewa hivyo.

Kutokana na hayo ndipo zilipoenea desturi tunazoziona leo katika timu nyingi. Kazi hugawanywa katika vipindi vifupi vya wiki moja hadi nne. Kila asubuhi timu husimama kwa robo saa, na kila mmoja hueleza alichofanya, atakachofanya na kinachomkwamisha. Ubao wenye kadi huonyesha kazi zinazosubiri, zinazoendelea na zilizokamilika. Mwisho wa kipindi mtumiaji huonyeshwa kilichopatikana, na timu hukaa kujikosoa.

Njia ya kufika Kampala

Msingi wa taaluma ya kompyuta hapa kwetu uliwekwa mapema. Makerere ilianzisha Taasisi ya Kompyuta mwaka 1985, nayo ikawa Kitivo mwaka 2005. Lakini mbinu hizi mpya hazikuja kwa mihadhara peke yake. Zilikuja na kazi.

UNICEF ilianza mwaka 2007 kutengeneza RapidSMS, programu huria ya kukusanya taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu. Ilifaa kwa sababu haikuhitaji simu ya bei kubwa. Mwaka 2011 Uganda ilizindua mifumo miwili iliyojengwa juu yake. mTrac iliwawezesha wahudumu wa vituo vya afya kutuma kwa simu ripoti za kila wiki za magonjwa na akiba ya dawa za malaria, badala ya karatasi kusubiri gari la kwenda wilayani. U-Report iliwauliza vijana maswali kuhusu shule, maji, afya na mengineyo, na majibu yakachapishwa. Kila swali la U-Report lilipaswa kuenea katika herufi 160 za ujumbe mmoja. Mwalimu yeyote wa utungaji anajua ugumu wa zoezi hilo.

Katika miaka hiyohiyo mahali pa kukutania pakapatikana. Hive Colab ilifunguliwa Kampala mwaka 2010, na Outbox mwaka 2012. Vijana waliotoka vyuoni wakapata meza, intaneti na wenzao wa kushauriana nao. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya ThoughtWorks nayo ilikuwa na ofisi hapa. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1993, ndiko alikofanya kazi Martin Fowler, mmoja wa wale 17 wa Snowbird. Kwa hiyo mtengenezaji kijana wa Kampala aliweza kujifunza desturi za skramu kutoka kwa watu waliokuwa karibu na chimbuko lake.

Majirani pia walikuwa wakitoa mifano. Nchini Kenya, majaribio ya M-Pesa ya mwaka 2005 yalilenga kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa mikopo. Wakopaji walionekana wakitumiana pesa kwa mambo mengine kabisa, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya tabia hiyo waliyoionyesha watu wenyewe. Mapema mwaka 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, Wakenya na marafiki zao walijenga Ushahidi kwa siku chache ili kuonyesha kwenye ramani taarifa za vurugu. Mifumo yote miwili ilijulikana duniani kwa majina yenye Kiswahili ndani yake.

Mtoto wa Rwamwanja

Mfano unaotugusa zaidi ni wa RapidFTR, programu ya kuwaandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao katika maafa na vita, ili waunganishwe tena. Ilianza kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York kwa ajili ya UNICEF. ThoughtWorks na watu wengi wa kujitolea wakaiendeleza kwa vikao vya pamoja vya kuandika programu. Vita vya M23 vilipozuka Kivu mwaka 2012, maelfu ya Wakongo walivuka mpaka wa Bunagana. Walipokelewa katika kituo cha Nyakabande, Kisoro, kisha wengi wakapelekwa makazi ya Rwamwanja, Kamwenge. Huko ndiko RapidFTR ilikojaribiwa. Mfanyakazi alimpiga mtoto picha kwa simu, akaandika jina lake, umri wake, alikotoka na aliokuwa nao alipopotea, na taarifa ikaweza kulinganishwa na ya mzazi anayetafuta. Baadaye mawazo ya programu hiyo yaliingizwa katika mfumo mkubwa zaidi unaoitwa Primero.

Sasa tufikiri kama wanalugha. Wakimbizi wa Kivu huzungumza Kinyarwanda na lugha nyingine za kwao, na wengi hutumia Kiswahili cha Kongo. Fomu za mashirika huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa kiume wa baba na ndugu wa kiume wa mama. Kiswahili humtenga mjomba na baba mdogo au baba mkubwa. Mtoto akisema "nilikuwa na baba mdogo", na mwandishi akajaza neno lile moja la Kiingereza, habari ya upande wa ukoo imepotea, nayo huenda ndiyo ingeonyesha njia ya kumpata jamaa. Kubaya zaidi, asiyejua lugha anaweza kumwandika baba mdogo kuwa ni baba. Vivyo hivyo kwa mama mdogo na shangazi. Hatusemi kwamba kosa hili lilitokea Rwamwanja. Tunasema kwamba fomu yoyote ya namna hiyo inaweza kulibeba, na mhandisi peke yake hatalitambua hata akisimama kwenye ubao wa kadi kila asubuhi. Mwalimu wa Kiswahili angelitambua siku ya kwanza.

Haraka bila kuungana mikono

Isidhaniwe kwamba kufanya kidogo kidogo kunatosha. Mwezi Januari mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisimamisha miradi yote ya afya ya kidijitali mpaka ipate idhini. Sababu ilikuwa wazi. Nchi ilikuwa imejaa majaribio madogo ya simu, kila mfadhili na lake. Mifumo haikuzungumza, na mingine ilikoma fedha za majaribio zilipokwisha. Wizara ilitaka mifumo iendane na mpango wa taifa na iweze kubadilishana taarifa.

Kila jaribio peke yake lilikuwa la haraka na jepesi, lakini yote kwa pamoja yalikuwa mzigo kwa muuguzi aliyetakiwa kujaza taarifa ileile mara mbili au tatu. Kwa lugha ya Ohno, upotevu ulikuwa umehamia nje ya kila timu, mahali ambapo hapakuwa na timu ya kuuona. Wahenga waliposema haraka haraka haina baraka, hawakuwa wakisifu uvivu.

Tuyaiteje?

Watengenezaji wa Kampala huyataja mambo haya kwa Kiingereza, hata mazungumzo yao mengine yakiwa ya Kiluganda. Mwalimu atakayetaka kuyaeleza kwa Kiswahili atakutana na vikwazo vya kuvutia. Jina la kwanza, ajaili, tunaweza kulipa sifa ya -epesi. Kiswahili husema mtu ni mwepesi wa kuelewa, mwepesi wa kugeuka. Hatari yake ni kwamba kazi nyepesi ni pia kazi rahisi, na hizi si rahisi. Tunaona "mbinu za wepesi" linakaribia zaidi kuliko "mbinu nyepesi".

Jina la pili ni gumu zaidi. Likiandikwa kwa matamshi yetu linakuwa lini, na hilo ni swali ambalo mkubwa wa kazi huliuliza kila siku. Likitafsiriwa kwa kitenzi konda, hapa Uganda linaamsha huzuni, kwani katika miaka ya 1980 watu wa Rakai waliuita ugonjwa wa UKIMWI kwa neno la Kiingereza la wembamba, na kukonda kukawa dalili iliyoogopwa. Tafsiri inayotoka kwenye kamusi bila kupita kwa watu ingeleta neno hilohilo darasani. Tunapendekeza "kazi bila upotevu".

Kwa kile kipindi kifupi cha kazi, Kiswahili kina neno ambalo halihitaji kubuniwa: ngwe, yaani sehemu ya shamba aliyopimiwa mtu kulima. Ngwe ina mpaka, ina mwenyewe, na ikiisha huonekana imeisha. Kikao cha asubuhi kinaweza kuitwa kikao cha wima, na maelezo mafupi ya anachokihitaji mtumiaji yakaitwa kisa cha mtumiaji. Skramu na kanban tuyaache yalivyo, kama tulivyoacha raga.

Istilahi zetu na maporomoko yetu

Hapa ndipo historia hii inapotugeukia. Istilahi nyingi za kompyuta zilitengenezwa kwa njia inayofanana na maporomoko: wataalamu walikaa, wakaunda, orodha ikachapishwa, mtumiaji akaikuta mwishoni. Neno tarakilishi limeundwa kwa ustadi kutokana na tarakimu na akili, na ngamizi nalo lina watetezi wake, lakini wasemaji wengi wanasema kompyuta. Barua pepe na tovuti yalipokelewa vizuri. Ubora wa mofolojia peke yake hautoshi kueleza tofauti hiyo. Yaliyofaulu yaliwafikia watu wakati kitu chenyewe kilikuwa kipya mikononi mwao na jina lilikuwa bado linatafutwa.

Upo mfano ulioelekea njia nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi uliojulikana kama KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004. Hapo neno lilikaa ndani ya menyu, likabofywa na mtu mwenye kazi ya kufanya, na lisipoeleweka lilionekana papo hapo. Kwa kuwa programu ilikuwa huria, neno bovu liliweza kubadilishwa bila kusubiri toleo jipya la kamusi.

Hata hivyo, agizo la Wizara ya Afya litukumbushe upande wa pili. Kila darasa na kila mradi ukibuni istilahi zake bila kuwasiliana na wengine, tutapata majina matatu ya kitu kimoja, kama tulivyokwisha kupata. Baraza na taasisi za lugha zinahitajika, si kwa ajili ya kuzuia majaribio, bali kwa kuyaunganisha na kuamua lipi limeshinda.

Hitimisho

Jambo hili si la nadharia tu kwa Uganda. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Fomu, programu za simu na vitabu vya Kiswahili vitahitajika, na vitaandikwa na mtu fulani. Tukisubiri tuitwe mwishoni kusahihisha tahajia, tutakuwa chini ya maporomoko, tukipokea maji yaliyokwisha kushuka.

Tunawashauri walimu wenzetu waanze na ngwe moja ndogo. Chagueni istilahi kumi za fani moja, ya afya, ya benki au ya usafiri wa bodaboda. Wanafunzi waziingize katika maswali mafupi yasiyozidi herufi 160, wayapeleke kwa watu wanaotumia Kiswahili katika Kampala yetu, sokoni, stendi za mabasi na kwa jirani zetu Wakongo, kisha waandike neno lipi lilieleweka, lipi liliulizwa na lipi lilichekwa. Baada ya wiki mbili warekebishe na kurudi kwa watu walewale. Matokeo, hata ya maneno yaliyokataliwa, yaletwe mahali pamoja ili darasa jingine lisiianze kazi hiyo upya. Orodha ya kwanza ikikamilika, kurasa za jarida hili ziko wazi kuipokea.